Bahasha Niliyoibeba Hadi Efeso

Mahubiri ya Jumapili, ibada ya pili
Maandiko: Ufunuo 2:1-7, Matendo 19, Matendo 20:17-38



Kwanza nawashukuru kwa maombi yenu. Tulienda salama na tukarudi salama. Wengi mmeniuliza mlangoni, "Pasta, Uturuki kulikuwaje?" nami nimewajibu, "Ngojeni Jumapili." Sasa Jumapili imefika, na nawaambia ukweli kwamba ningependa kuwaonyesha picha tu kisha tuimbe twende nyumbani. Lakini Roho Mtakatifu amenikataza. Leo nina picha chache, na nina ungamo moja. Tafadhali fungua Biblia yako Ufunuo mlango wa pili, uiache wazi hapo magotini.

Tulikuwa wachungaji 12. Siku ninayotaka kuwaambia tulilala mji wa Kuşadası, mji wa pwani, na asubuhi na mapema basi dogo likatuchukua kwenda Efeso. Ndiyo, Efeso ileile ya Waefeso. Iko karibu na mji unaoitwa Selçuk. Mwongozaji wetu alikuwa kijana Mwislamu, mpole, anayejua Matendo ya Mitume kuliko baadhi yetu. Msicheke, hata mimi nilikuwa kati ya hao baadhi.

Hakutupeleka kwenye magofu moja kwa moja. Alitupandisha kwanza mlimani, kwenye msitu wa misonobari, mahali panapoitwa Nyumba ya Mariamu. Mnakumbuka katika Yohana 19 Bwana akiwa msalabani alimkabidhi mama yake kwa yule mwanafunzi aliyempenda. Mapokeo ya zamani yanasema Yohana aliishi Efeso, na wengi wanaamini alikuja na Mariamu. Nyumba yenyewe ni ndogo, ya mawe. Ilipatikana mwaka wa 1891, mapadre walipoitafuta wakifuata maelezo ya mtawa mmoja Mjerumani, Anne Catherine Emmerich, aliyefariki mwaka wa 1824 bila kuwahi kukanyaga Uturuki. Kanisa Katoliki lenyewe halijathibitisha kwamba nyumba ni hiyo, lakini mapapa wamefika pale: Paulo wa Sita mwaka wa 1967, Yohana Paulo wa Pili 1979, Benedikto wa Kumi na Sita 2006. Waislamu pia huja, kwa sababu wanamheshimu Mariamu.

Chini ya nyumba kuna mabomba ya maji ya chemchemi, na kando yake kuna ukuta. Wapendwa, huo ukuta hauonekani mawe. Umefunikwa na karatasi, vitambaa, tishu, hata vipande vya risiti. Kila mtu ameandika ombi lake akalifunga pale. Maelfu. Upepo ukipita, ukuta wote unanong'ona.

Sasa nyinyi mnanijua. Mimi ni Mpentekoste wa kuzaliwa mabati. Nikasimama pale na mwenzangu, nikakunja mikono, nikaanza kuhubiri kwa sauti ya chini: "Unaona, ndugu? Watu wanaombea ukuta. Sisi tuna mpatanishi mmoja. Sisi hatuhitaji karatasi, tunaingia patakatifu kwa ujasiri." Mwenzangu akasema amina. Na kwa mafundisho, sikukosea. Nasimama na hayo hata leo.

Wakati huo mama mmoja akanigusa mkono. Sijui alitoka nchi gani, lugha yake sikuielewa. Macho yalikuwa mekundu. Alikuwa na kikaratasi, akafanya ishara ya kuandika. Alitaka kalamu. Nikafungua mfuko wa pembeni wa begi langu, ule mfuko wa Biblia ninaobeba kila Jumapili, nikaingiza mkono kutafuta kalamu. Mkono ukagusa bahasha.

Bahasha ya kaki. Imefungwa kwa mpira. Juu imeandikwa kwa mwandiko wa katibu wetu: "Maombi ya Kesha, 31 Desemba."

Kanisa, mnakumbuka usiku ule? Tuliweka kikapu hapa madhabahuni. Nikawaambia kila mmoja aandike ombi lake la mwaka. Nikainua kikapu juu, nikasema mbele zenu na mbele za Mungu kwamba nitaomba juu ya kila karatasi, moja baada ya nyingine, kwa jina. Mkapiga makofi. Mkaenda nyumbani na amani.

Hiyo ilikuwa Desemba. Sisi tulikuwa Efeso mwezi wa nne. Na ule mpira ulikuwa bado haujafunguliwa.

Nilimpa yule mama kalamu. Akaandika akiegemea goti lake, akafunga kikaratasi chake, akafuta uso, akanirudishia kalamu na kunipa mkono. Nami nikabaki nimesimama mbele ya ukuta niliokuwa nauhukumu. Nikajiambia: huu ukuta angalau unanyeshewa na mvua pamoja na hizo karatasi. Angalau mtu akipita anaweza kusoma. Za kanisa langu nimezifunika gizani miezi minne, halafu nimesimama hapa na mafundisho yangu sahihi.

Mwambie jirani yako: "Mafundisho sahihi, bahasha imefungwa." Ndiyo. Mwambie polepole, asije akadhani unamsema.

Tukashuka kwenye mji. Mnaingia kwa lango la juu, kisha mnateremka kwa barabara ya mawe ya marumaru, nguzo huku na huku, njia imelainishwa na miguu ya watu kwa karne nyingi hata unateleza. Mwongozaji akatuonyesha hekalu la kaisari, akatuonyesha hata vyoo vya umma, viti vya mawe vimepangwa mstari mmoja bila ukuta katikati. Chini kabisa kuna uso wa maktaba ya Celsus, ghorofa mbili za nguzo. Haikuwepo siku za Paulo. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya pili, mtoto akimkumbuka baba yake aliyekuwa liwali wa jimbo la Asia, na baba amezikwa mlemle ndani. Inasemekana iliweka vitabu vya kukunjwa kama 12,000. Wenzangu walipiga picha. Mimi nilikuwa nabeba begi kama mtu aliyebeba mawe.

Kisha tukafika kwenye ule uwanja wa michezo wa Matendo 19. Umechongwa ubavuni mwa mlima, unachukua watu kama 25,000. Hapo ndipo Demetrio mfua fedha aliposababisha fujo. Biashara ya sanamu za Artemi ilikuwa inaanguka kwa sababu watu wameokoka. Wakawakamata Gayo na Aristarko, wakawaburura mle ndani, na mji mzima ukapiga kelele za kumsifu Artemi kwa muda wa saa mbili. Paulo alitaka kuingia awakabili, wanafunzi wakamzuia.

Mwongozaji akatupa nusu saa. Wenzangu wakashuka katikati wakaanza kuimba, maana sauti pale inasafiri vizuri ajabu. Wakaniita, "Njoo uongoze pambio!" Nikawaambia naja. Nikapanda ngazi hadi mahali pa kivuli, nikaketi, nikafungua bahasha.

Zilikuwa karatasi 63. Nitawaambia chache, bila majina. Moja: "Karo ya kidato cha kwanza, Mungu afungue mlango." Shule zilikuwa zimefunguliwa zamani. Nyingine: "Kazi yoyote, hata ya mjengo." Nyingine ilikuwa na mwandiko wa mtoto, penseli: "Nataka baba arudi nyumbani tule pamoja." Nyingine ilisema tu, "Asante Mungu." Na moja ilikunjwa mara nne, nikaifungua, haikuwa na neno lolote. Tupu. Mtu alishika kalamu usiku ule akashindwa kuandika, lakini akaitia kikapuni.

Na moja ilisema hivi: "Pasta, niombee. Naenda upasuaji mwezi wa pili. Watoto sijawaambia." Chini, namba ya simu.

Mwezi wa pili. Nami naisoma mwezi wa nne.

Nikaangalia chini, wenzangu wanaimba. Nikaangalia mbele. Kutoka pale unaona barabara moja iliyonyooka, pana, ya marumaru, kama nusu kilomita, inaenda bandarini. Lakini bandari haipo. Barabara inaishia kwenye nyasi na matete. Nikamuuliza mwongozaji bahari ilienda wapi. Akacheka kidogo, akasema, "Haikuondoka siku moja." Mto Kaystro ulileta udongo kidogo kidogo kila mwaka. Watu wa mji walijitahidi kuuzoa, lakini udongo uliendelea kuja. Leo bahari iko kilomita kadhaa kutoka pale. Meli zikaacha kuja, biashara ikaondoka, mji ukabaki mawe.

Sisi tunalijua jambo hili. Ile silanga ya kijijini kwetu tulioga tukiwa watoto, maji yakifika kifuani. Leo mbuzi wanalala mle. Hakuna aliyeifukia. Kila mvua ilileta mchanga wake, na hakuna mtu aliyeshika jembe akasema tuchimbe.

Sasa tusome Ufunuo 2. Bwana Yesu anamwandikia malaika wa kanisa la Efeso, na anaanza kwa kulisifu. Msiruke hapo. Anasema anajua kazi yao, taabu yao na uvumilivu wao. Anajua wamewapima waliojiita mitume wakawakuta waongo. Anajua wameteseka kwa ajili ya jina lake bila kuchoka. Kama lingekuwa kanisa la hapa kwetu, tungelikodishia hema tukawaite wengine waje kujifunza. Halafu aya ya nne inageuka. Ana neno juu yao: upendo waliokuwa nao mwanzo wameuacha.

Hasemi wamekuwa wazushi. Ratiba ya ibada ilikuwepo, walimu walikuwepo, waongo waligunduliwa. Ila moyo ulijaa mchanga kidogo kidogo, na meli haziingii tena. Na anasema wasipotubu, kinara kitaondolewa mahali pake. Ndugu zangu, mimi nimetembea mahali kilipoondolewa. Leo ukifika utalipia tiketi mlangoni.

Paulo aliwahubiria watu hawa miaka ya hamsini ya karne ya kwanza. Wengi wa wasomi wanaona Ufunuo uliandikwa mwishoni mwa karne hiyo. Ni kama miaka 40 tu. Kanisa letu lina miaka 22. Piga hesabu mwenyewe.

Sasa Bwana anatoa dawa ya hatua tatu, nami nataka tuzipitie.

Ya kwanza, kumbuka. Anawaambia wakumbuke walikoanguka. Efeso walikuwa na cha kukumbuka! Matendo 19: watu kama 12 waliwekewa mikono, Roho Mtakatifu akawashukia, wakanena kwa lugha. Paulo akafundisha miaka miwili katika darasa la Tirano. Wachawi wakaleta vitabu vyao wakavichoma hadharani, thamani yake vipande vya fedha 50,000. Na sisi je? Si mnakumbuka kanisa la mabati kule kando ya reli? Mvua ikinyesha hakuna anayesikia mahubiri, tunaomba tu. Mtu akikosa Jumapili moja, Jumatatu jioni tuko kwake na unga na sukari. Sikuwa na gari. Nilijua njia za kwenu zote, nilijua hata mbwa wenu. Leo nina gari, nina ofisi, nina kitabu cha miadi, na bahasha ilikaa miezi minne.

Ya pili, tubu. Kutubu si kujisikia vibaya ukiwa kwenye magofu. Tulipokuwa ndani ya basi tukielekea chakula cha mchana, nilitoa simu. Saa za Uturuki na za Nairobi ni zilezile, kwa hiyo sikuwa na kisingizio kwamba watu wamelala. Nikapiga ile namba. Ikaita. Moyo wangu ulikuwa unasema, "Bwana, apokee yeye mwenyewe, asipokee mtu mwingine."

Alipokea yeye. "Haleluya, Pasta! Kwani umerudi?"

Nikamwambia, "Mama, niko bado huku. Nataka kujua ule upasuaji uliendaje."

Akasema, "Nashukuru Mungu, ulienda vizuri. Na wewe nakushukuru, Pasta. Niliingia chumba kile nikiwa na amani. Nilijiambia, hata watoto wasipojua, Pasta anaomba."

Wapendwa, ningeweza kusema amina nikakata simu. Ilikuwa rahisi sana. Lakini nilikuwa nimetoka tu kwenye yale mawe. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Sikuomba. Bahasha sikuifungua mpaka leo."

Akanyamaza. Nikasikia jogoo akiwika huko kwake. Nikadhani amekata. Halafu akasema, "Basi tuombe sasa, Pasta. Mguu bado unauma." Akaniongoza yeye kwa maombi. Mimi mchungaji, nimeketi kiti cha nyuma cha basi, naombewa na mtu niliyemsahau. Amenipa ruhusa niwaambie habari hii. Alisema, "Waambie, labda itafungua bahasha nyingine."

Ona neema. Mungu hakumngoja mchungaji ndipo amtunze mtu wake. Lakini msiigeuze neema kuwa kisingizio. Mungu alifanya sehemu yake. Mimi sikufanya yangu.

Ya tatu, rudi kwenye matendo ya kwanza. Bwana hasemi "hisia za kwanza". Anasema matendo. Kama hujui matendo ya kwanza ya Efeso yalikuwa yapi, nenda Matendo 20. Paulo anawaaga wazee wa Efeso kule Mileto, anawakumbusha kwamba alifundisha hadharani na nyumba kwa nyumba, na kwamba miaka mitatu, usiku na mchana, aliwaonya kila mmoja kwa machozi. Nyumba kwa nyumba. Kila mmoja. Machozi. Hapo hakuna jambo linalohitaji maikrofoni.

Mwisho wa siku ile tulisimama mahali palipokuwa hekalu la Artemi, mojawapo ya maajabu saba ya dunia ya kale. Waandishi wa zamani walilihesabia nguzo 127. Leo imesimama moja, tena imeunganishwa kwa vipande, na korongo wamejenga kiota juu yake. Yule waliyempigia kelele saa mbili amebaki kuwauzia ndege kiwanja. Nikafurahi kidogo, nikasema Injili imeshinda. Lakini kisha nikakumbuka kwamba hata kanisa la mji ule limebaki magofu. Sanamu iliangushwa, na kinara nacho kikaondoka. Kwa hiyo haitoshi kusema tumewashinda waongo.

Penye maduka ya watalii niliona bango la saa za mkono limeandikwa kwamba hizo ni "feki za ukweli". Tulicheka sana. Lakini angalau yule muuzaji hakumdanganya mtu. Mimi ningekuwa kama yeye, bango la mlango wa ofisi yangu lingesema, "Hapa tunaahidi kuomba."

Sasa sitaki mtu atoke hapa akisema lazima aende Uturuki. Nauli ya kurudi kwenye upendo wa kwanza si ya ndege. Wengine wenu bahasha yenu ni mama yenu ushago ambaye simu zake hamzipokei. Wengine ni mke unayemtumia pesa ya matumizi lakini hujamuuliza anaendeleaje tangu mwaka jana. Wewe kijana, ulikuwa unafunga kila Jumatano. Swali lako ni tangu lini. Wewe mwalimu wa shule ya Jumapili, unajua somo, je, unajua mtoto gani hajala? Mchanga hauulizi cheo.

Kuhusu zile karatasi 63: zote nimeziombea, kwa jina pale penye jina. Wale walioacha namba, nimeanza kuwapigia, nimefika 41. Ile tupu iko ndani ya Biblia yangu hapa. Kama ni yako, huhitaji kuniambia uliyotaka kuandika, lakini ujue imeombewa. Na kuanzia wiki hii, ombi lolote litakalotiwa kikapuni litasomwa kabla ya siku saba kwisha, na wazee wamegawana mitaa ili anayeugua atembelewe. Mkiona tumelegea, mniulize. Niulizeni hata mlangoni, mbele ya wageni.

Tusimame tuombe.

Baba, wewe unajua kazi zetu na kelele zetu. Unajua pia yale tuliyofunga kwa mpira tukasahau. Tunatubu, na mimi wa kwanza. Chimba mchanga ulio moyoni mwetu mpaka maji yarudi. Usikiondoe kinara chako hapa. Tupe miguu ya kwenda, na machozi tuliyokuwa nayo kule kwenye mabati. Katika jina la Yesu. Amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani, Jumatano
1. Soma Ufunuo 2:2-3. Ni sifa gani za Efeso unaziona katika kanisa letu?
2. Taja tendo moja la kwanza ulilokuwa ukifanya ulipookoka ambalo umeliacha. Liliachwa lini, na kwa nini?
3. Kabla ya kufunga maombi, kila mmoja ataje mtu mmoja atakayemtembelea au kumpigia simu kabla ya Jumapili. Jumatano ijayo tuulizane.